Mla Nawe

Paka wa jikoni hana chungu chake. Hula kinachoanguka, kinachosazwa, na kile kinachotupwa kwa makusudi pembeni mwa mkeka. Na kwa kula huko amekuwa mshirika wa sinia ambaye hakuna apataye kumuuliza lipi limfaalo na lipi limdhurulo. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Walimkusudia yule rafiki wa neema, anyooshaye mkono wakati wa shibe na kuurudisha siku ya dhiki. Lakini methali hiyo ina maana nyingine ambayo pengine haikuwapitikia, nayo ni ya mwili kabisa: viumbe wawili waweza kula chungu kimoja, saa moja, mmoja akashiba na mwingine akafa.

Swali lenyewe ni dogo kwa sura. Je, majani na viungo vinavyotiwa chakulani ni sumu kwa paka? Jibu la wataalamu wa mifugo halihitaji maneno mengi. Kotimiri, kwa maana ya majani ya giligilani, haimdhuru. Mrehani kadhalika. Mchaichai na nanaa, akivitafuna kwa wingi, humchafua tumbo, akatapika, mambo yakaisha. Kitunguu ndicho chenye kesi. Kitunguu maji, kitunguu saumu na majani yao mabichi ni sumu kwa paka, na ni sumu ya kweli, si ya kutapisha tu. Hata mpishi wa pwani, ambaye hawezi kuanza mchuzi pasi na kukaanga kitunguu, ndiye aliye karibu zaidi na hatari hii bila ya kuijua.

Ilivyo ni hivi. Ndani ya kitunguu mna kemikali za salfa ambazo, zikishaingia mwilini, huishambulia himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo hewa. Himoglobini ina sehemu ambazo mashambulizi ya aina hiyo huzishika kwa wepesi: ya binadamu inazo mbili, ya mbwa nne, ya paka nane. Damu ya paka, kwa hiyo, ina milango mingi zaidi iliyo wazi kwa adui huyo. Himoglobini ikiharibika hugandana ndani ya chembe za damu na kufanya vijidonge, ambavyo mganga wa Kijerumani Robert Heinz alivieleza mwaka 1890 na vinavyoitwa kwa jina lake hadi leo. Mwili huziona chembe zenye vijidonge hivyo kuwa mbovu, ukaanza kuziangamiza wenyewe. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka zatosha kuleta madhara yanayoonekana katika damu. Kwa paka wa kilo 4 hizo ni gramu 20, yaani chini ya robo ya kitunguu cha kadiri. Saumu ni kali kuliko hapo. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo, kuchemsha hakuiondoi, na kitunguu kilichokaushwa kikasagwa huwa na nguvu zaidi kwa uzito wake.

Jambo la kutisha si kipimo hicho. Ni kuchelewa kwake. Paka aliyekula mchuzi Ijumaa hawezi kuonekana mgonjwa Ijumaa hiyo. Zitapita siku mbili, tatu, hata tano, ndipo atakapojikunyata pembeni, ufizi umempauka, pumzi zaenda mbio, mkojo umegeuka rangi ya majani ya chai. Kufikia hapo hakuna akumbukaye mchuzi ule. Nyumba huanza kutafuta sababu mahali inapozoea kuzitafuta: kaumwa na nyoka, kafanyiwa jambo, au, kama mara nyingi inavyokuwa, jirani asiyependa paka kamtilia kitu. Ugomvi wa ua kwa ua umepata kuzuka kwa kisa kama hicho, watu wakanuniana miezi, na huku sumu ilitoka katika sufuria ya nyumba yenyewe, ikapakuliwa kwa mkono wa mapenzi, na pengine mwenye kupakua alilipuliza kwanza pande lile la samaki lisije likamuunguza mnyama ulimi.

Hapo ndipo swali dogo linapoacha kuwa la jikoni peke yake. Sumu ni nini hasa, na inakaa wapi?

Masikio ya mtunzi wa mashairi yatashawishika kusikia udugu baina ya sumu na saumu, lakini ni vina tu. Sumu imetoka katika Kiarabu, katika neno samm. Saumu ya kitunguu ni thum, na ndiyo maana wako wasemao thomu hadi leo. Na saumu ya Ramadhani ni neno jingine tena. Maneno matatu yaliyokutana katika kinywa cha Mswahili kwa bahati. Lenye maana zaidi ni neno dawa. Aendaye dukani kununua kitu cha kuulia panya haoni tabu kuomba dawa ya panya. Dawa ya nani? Si ya panya, kwani yeye itamuua. Ni dawa ya nyumba. Lugha imekwishaamua ni nani wa kupona na ni nani wa kufa, ikalibatiza jambo kwa upande wa yule wa kupona. Na paka, akimla panya aliyekwisha kuonja dawa hiyo, naye huweza kufa, ingawa alikuwa akifanya kazi ile ile iliyokusudiwa kufanywa na dawa. Hakuna neno la Kiswahili la kitu kilicho dawa kwa nyumba, sumu kwa panya, na ajali kwa paka. Kila mmoja hukiita kwa jinsi kilivyomfikia.

Wazungu hupenda kumtaja Paracelsus, tabibu aliyezaliwa Uswisi, ambaye mwaka 1538 aliwajibu wapinzani wake kwamba kila kitu kina sumu ndani yake, na kwamba kinachokitenga kisiwe sumu ni kipimo. Ni fikra kubwa, na wanasayansi wa sumu wameifanya msingi wa elimu yao. Lakini haijatimia. Kipimo ni kipimo kwa mwili fulani. Kidonge kimoja cha parasetamoli humtuliza mtu mzima maumivu ya kichwa. Kidonge hicho hicho chaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake limepungukiwa na njia moja ambayo maini ya wanyama wengine huitumia kuzisafisha kemikali za namna hiyo. Utafiti wa mwaka 2000 uliionyesha kasoro hiyo katika urithi wa paka, na mwingine wa mwaka 2011 ukaikuta katika jamii nzima ya paka, hata wa mwituni. Inadhaniwa kuwa mla nyama mtupu, asiyepata kula majani vizazi kwa vizazi, hakuwa na haja ya silaha za kupigana na sumu za majani, na silaha isiyotumika hupata kutu. Kwa hiyo sumu haikai ndani ya jani, wala haikai katika kipimo peke yake. Inakaa katika mkutano wa jani na mwili, kama vile tusi lisivyokaa katika neno bali baina ya msemaji na msikilizaji.

Mahali ambapo jambo hili halikuhitaji kusubiri mwalimu kutoka Ulaya ni kule kusini, katika uwanda wa juu wa Wamakonde. Watu wa visiwani wasiuone uwanda huo kuwa mbali nao. Masasi, iliyoko chini ya uwanda huo kwa upande wa magharibi, ilipokea mwaka 1876 watu waliokombolewa katika utumwa, waliotoka Unguja wakiongozwa na Askofu Edward Steere. Ndiye Steere huyo huyo aliyechapisha mwaka 1870 ngano za Unguja, mkiwamo kisa cha Sultani Majinuni na paka wake aliyeanza na ndama na kuishia kuwa Nunda, mla watu. Ngano hiyo inasimulia hatari ya paka kwa binadamu. Hatari ya binadamu kwa paka haikupata msimulizi.

Newala na viunga vyake, Makote ikiwa mojawapo ya kata zake, ni nchi ya mchanga, korosho na muhogo, na muhogo mwingi wa nchi za namna hiyo ni ule mchungu. Mkulima haupandi kwa kukosa akili. Uchungu ule ndio unaomkimbiza nguruwe na panya shambani. Ni mlinzi asiyedai mshahara. Lakini mlinzi huyo hambagui mwenye shamba na mwizi. Muhogo ukikatwa au ukipondwa, vitu viwili vilivyotengana ndani yake hukutana, na katika kukutana kwao hutoka sianidi. Ili upate kulika sharti umenywe, uanikwe, ukauke kwa siku nyingi uwe makopa, au ulowekwe uchachuke. Kuloweka huitoa sumu vizuri zaidi kuliko kuanika peke yake; lakini kuloweka kwataka maji, na uwanda wa Makonde hauna mto juu yake. Kwa muda mrefu wanawake wa Newala waliteremka mabondeni kwa miguu kuyafuata maji, wakapanda nayo kichwani. Basi kinachotenganisha chakula na sumu katika nchi ile si aina ya mmea. Ni kazi, na muda, na ndoo za maji.

Mwaka 1988, wilayani Masasi, muda ulikatika. Chakula kilikuwa kimeadimika, watu wana njaa, na muhogo mchungu ukaanza kuandaliwa kwa njia ya mkato iitwayo chinyanya: ukipondwa ungali mbichi, ukaanikwa kwa kipindi kifupi, ukasagwa, ukapikwa. Watu walipata sumu. Nicholas Mlingi, mtafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, na wenzake, akiwamo daktari Hans Rosling wa Uswidi, walikichunguza kisa hicho na kukitangaza mwaka 1992. Rosling alikuwa amekwisha kuyaona makubwa zaidi ya hayo ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Nampula, Msumbiji, ambako mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa maradhi yatokanayo na muhogo huo. Wakongo huyaita konzo. Tarime yaliwapata watu mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaonekana mkoani Mtwara pia.

Hakuna mwenye haki ya kusema kwamba wanawake wa Masasi walikuwa wajinga. Walijua kuliko maprofesa. Muhogo mchungu walirithishwa pamoja na masharti yake, kama mtu anavyorithishwa panga pamoja na ala. Kilichowaponyoka ni zile siku za kungoja, kwa sababu tumbo la mtoto halikuweza kungoja. Huko ndiko mizani ya lawama inakotakiwa kuangaliwa kwa uangalifu, maana kuna asiyejua kwa kuwa hakuna wa kumwambia, kuna ajuaye na kushindwa na njaa, na kuna ambaye angeweza kujua kwa kuuliza neno moja lakini hakuona kwamba pana cha kuuliza. Aliye mbele ya paka wake na bakuli la mchuzi yumo katika kundi hilo la mwisho, na ndilo gumu kuliko yote kuhukumu, kwani mkosaji wake hahisi hata chembe ya wasiwasi.

Kwa nini hahisi? Kwa sababu ameonja. Tangu zamani kuonja ni dhamana ya mpishi: mama huonja uji kisha akampa mtoto, mwenyeji huonja kisha akamkaribisha mgeni, na ulimi wake hutoa ushahidi mbele ya ulimi wa mwenziwe kwamba hapa hapana hila. Baina ya binadamu ushahidi huo hupokelewa. Mbele ya paka ni ushahidi wa uongo uliotolewa na shahidi mkweli. Mimi nimekula sikudhurika, asema mpishi, na asemalo ni kweli tupu, ila halimhusu anayeambiwa. Muhogo mchungu walau humwonya mlaji kwa uchungu wake. Kitunguu kilichozama katika mafuta ya samaki hakimwonyi paka kwa lolote, naye huyafuata mafuta.

Wala kosa hili si la wasiosoma. Ilikuwa desturi huko Marekani kuwashawishi paka wagonjwa, waliokataa kula, kwa vyakula laini vya makopo vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Mwaka 1998 watafiti walitangaza kwamba paka waliolishwa chakula cha namna hiyo chenye unga wa kitunguu walipatwa na vile vijidonge vya Heinz katika damu zao. Chakula kilichoaminiwa kuwa salama kuliko vyote, chakula cha mtoto mchanga, kilikuwa kinamwongezea mgonjwa ugonjwa. Waliokitoa walikuwa wakitaka apone.

Waislamu wa mwambao wanaijua hadithi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, akawa hamlishi wala hamwachii akajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. Aghalabu hutajwa kama onyo dhidi ya ukatili, na ndivyo. Lakini ikitazamwa vizuri ina hoja ya kifalsafa iliyojificha. Kosa la mwanamke yule lilizaliwa katika kufungia. Paka wa porini asiyelishwa na mtu hamdai mtu. Aliyefungiwa, aliyenyang'anywa njia yake ya kujitafutia, ndiye mwenye deni juu ya mfungaji. Na kufunga si kwa mlango na kamba pekee. Paka aliyezoeshwa sinia tangu utoto wake, akasahau kuwinda, naye amefungiwa, ingawa milango yote i wazi. Mwenye kumlisha amejitwika kujua anachomlisha. Hadithi haikumgusa yule amlishaye na kumdhuru kwa hisani yake, na pengine haikuwa na haja. Lililo wazi ni kwamba kutokusudia humwondolea mtu jina la muuaji, lakini hakumrudishii paka damu yake, wala hakumwondolei mtu wajibu wa kuuliza kabla ya mara ya pili.

Yuko atakayesema, na asemewe kwa heshima, kwamba mazungumzo haya ni ya watu walioshiba. Katika nyumba ambamo watoto hula mlo mmoja, kuihesabu milango ya damu ya paka ni anasa, na nchi iliyopata kuona watu wakila chinyanya kwa njaa ina mambo ya kuyalilia kabla ya hilo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama huruma kwa paka ingegharimu kitu. Haigharimu. Hakuna anayeambiwa amnunulie mnyama chakula cha dukani. Kichwa cha samaki kiwekwe kando kabla ya kitunguu kuingia sufuriani, badala ya baada yake; samaki ni yule yule, moto ni ule ule, na watoto hawakupunguziwa hata mfupa. Nyumba maskini za kusini, ambazo paka wao ndiye mlinzi wa makopa na mtama dhidi ya panya, zingekuwa za mwisho kusema kwamba uhai wake si kitu.

Kiswahili kina namna ya kulisema tendo hilo ambayo lugha nyingi zaweza kuionea wivu. Kutenga ni kuweka mbali: mtu hutengwa na jamaa zake, na hakuna adhabu ya kijijini inayouma kama hiyo. Lakini ichomekwe irabu moja tu katika kitenzi, iwe kutengea, na adhabu imegeuka kuwa ukarimu. Aliyechelewa kurudi hutengewa chakula chake, kikafunikwa kwa kawa, hata akifika usiku wa manane ajue kwamba alikumbukwa. Kumtenga paka na chungu cha watu, na kumtengea fungu lake katika chungu hicho hicho kabla hakijatiwa viungo, ni tendo moja la mkono mmoja. Waliozoea kufikiri kwamba usawa ni kumpa kila mmoja kitu kile kile watasumbuka kidogo hapa. Mchuzi mmoja kwa wote ulikuwa ndio dhuluma.

Wapo paka wasiotengewa na yeyote. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja wanajulikana nao, waliolala juu ya baraza na chini ya mikokoteni, wembamba, wenye masikio yaliyochanika kwa mapigano, wasio na jina wala mlango. Wapita njia huwahurumia na kuwatamania maisha ya wenzao wa ndani. Ila alfajiri, samaki wanaposhushwa diko, paka hao ndio wa kwanza kufika. Hurushiwa matumbo na mashavu, mabichi, yangali na maji ya chumvi, na hula wakiwa wameyakanyaga kwa mkono mmoja, macho juu ya mwenzao aliye karibu. Kufikia hapo hakuna aliyekwisha kuwasha moto, wala kitunguu hakijamenywa.